Rangi ya Maine Coon Iko Kwenye Shina la Unyoya: Ushauri kwa Anayechagua Paka wa Manyoya Marefu

Kila ninapotumiwa picha ya mtoto wa Maine Coon ikiwa na swali "huyu ana rangi gani?", hujibu kwa ombi: nitumie nyingine, lakini safari hii yapasue manyoya ya mgongoni kwa vidole viwili mpaka ngozi ionekane. Baadhi hudhani nawazungusha. Wamezoea paka wa manyoya mafupi, ambaye unamtazama mara moja na kazi imekwisha. Maine Coon hasomeki hivyo. Manyoya yake ya juu ni marefu, hupishana na kulaliana, hufunika milia na kuvuruga mabaka, na ya ndani yanaweza kuwa na rangi nyingine kabisa. Ukitaka ukweli, tazama shina la unyoya, si ncha.

Nafuga paka hawa miaka mingi sasa, na sehemu kubwa ya ushauri ninaoombwa haihusu chakula wala ugonjwa, bali rangi. Huyu aliahidiwa paka wa rangi ya fedha akapewa wa kahawia. Yule cheti chake cha usajili kinasema mweusi, lakini paka amekua na kifua kimegeuka cheupe. Wengine wametozwa zaidi kwa rangi ambayo uzao huu hauna. Basi niandike kwa kirefu mara moja.

Anza usoni na miguuni. Hata kwa paka mwenye manyoya mengi kama huyu, uso na miguu ya mbele hubaki na manyoya mafupi, na hapo milia haina pa kujificha. Paka wa milia atakuwa na alama ya herufi M kwenye paji la uso, mstari unaotoka kwenye kona ya jicho kuelekea shavuni, na bangili za rangi nzito miguuni. Kisha panda mabegani. Manyoya ya Maine Coon huanza mafupi mabegani, yakazidi kurefuka kadiri yanavyoelekea tumboni na mapajani, kwa hiyo mabega husomeka vizuri kuliko ubavu. Tumbo liache mwisho, kwa sababu huwa hafifu kwa karibu kila paka wa milia na hudanganya wengi.

Milia yenyewe ina sura mbili kuu. Ya kwanza ni milia myembamba inayoshuka kutoka uti wa mgongo kama miba ya samaki. Ya pili ni milia mipana iliyojikunja: ukimtazama paka kutoka juu unaona umbo la kipepeo mabegani, na kila ubavu una duara kubwa lenye doa katikati. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kuwa tofauti ya sura hizi inatokana na jeni iitwayo Taqpep, na ile ya milia mipana hujificha: lazima mtoto airithi kwa baba na kwa mama ndipo ionekane. Maana yake, wazazi wawili wenye milia mipana hawazai mtoto wa milia myembamba. Jambo hilo liweke akilini, tutalirudia. Wapo pia paka wasio na milia mwilini ila kila unyoya una pete za rangi, nao hujulikana kwa M ya usoni na mistari michache miguuni. Kwa Maine Coon hawa si wengi.

Paka wa kahawia mwenye milia ndiye sura ambayo dunia inamjua nayo Maine Coon, na hilo si la jana. Mwaka 1895, kwenye maonyesho makubwa ya paka yaliyofanyika Madison Square Garden, New York, aliyeibuka mshindi wa wote alikuwa jike wa aina hii aliyeitwa Cosey. Mkia wenye pete nyeusi na manyoya ya kahawia vilizua hata hadithi kwamba paka hawa ni chotara wa rakuni, yule mnyama wa Marekani mwenye barakoa usoni. Kibayolojia haiwezekani, lakini hadithi haijafa. Nadhani watu wanaipenda mno kuiacha.

Sasa tuingie kwenye manyoya yenyewe. Usimng'oe paka. Chukua unyoya uliobaki kwenye kitana, uulaze juu ya karatasi nyeupe, halafu mwingine juu ya kitambaa cheusi, karibu na dirisha. Unyoya wa paka wa kahawia mwenye milia, ukiuchukua sehemu iliyo kati ya mlia na mlia, una pete: kijivu kwenye shina, kisha njano yenye joto, kisha nyeusi, na pengine njano tena kabla ya ncha nyeusi. Unyoya wa paka mweusi tii ni mweusi kutoka ncha hadi chini, ingawa chini kabisa unaweza kufifia kidogo. Unyoya wa paka wa fedha una pete pia, ila pale palipopaswa kuwa na njano pamekuwa peupe. Unyoya wa paka wa moshi hauna pete: juu ni mweusi, chini ni mweupe pe, na mpaka kati ya hizo rangi mbili unauona bila miwani.

Moshi na fedha ni kazi ya jeni moja inayozuia rangi isifike kwenye shina. Ikimpata paka mwenye milia, unapata fedha. Ikimpata mweusi mtupu, unapata moshi. Ndiyo maana wafugaji wenye uzoefu huzitaja pamoja, ingawa kwa macho hazifanani hata kidogo.

Nina jike mmoja wa moshi ambaye wageni hubishana juu yake. Akiwa amejikunyata kwenye kiti ni mweusi, hakuna shaka. Akiinuka na kujinyoosha, mgongo unapasuka na mistari myeupe inatokea, inafunguka na kujifunga kila anapopiga hatua. Shingoni, ambako manyoya ni marefu zaidi, weupe hauna pa kujificha tena: ana kola ya fedha inayozunguka uso mweusi. Masikioni vishada vinavyotoka ndani ni vyeupe pia. Ukimpulizia kidogo ubavuni, panatokea kiduara cheupe kama sarafu, kisha kinazibwa.

Shida ni kwamba mtoto wa moshi huzaliwa akionekana mweusi. Hapa ndipo vyeti vingi huharibika, kwa kuwa mzalishaji huandika alichokiona mapema. Dalili za mwanzo zipo: weupe kuzunguka macho kana kwamba amevaa miwani, tumbo lililopauka, na manyoya meupe kati ya vidole. Hata hivyo mimi hukataa kutoa uamuzi kwa mtoto wa wiki chache. Miezi kadhaa ikipita, manyoya ya utotoni yakianza kupukutika, jibu linajileta lenyewe.

Kuna mtego wa kinyume pia. Mama akipata homa au msukosuko mkubwa akiwa na mimba, watoto wanaweza kuzaliwa na manyoya yenye ukungu wa kijivu au fedha juu, hata kama kwa asili ni weusi au kahawia. Rangi hiyo hupotea wanapokua. Mnunuzi asiyejua hulipia moshi, baadaye akabaki na mweusi wa kawaida. Si lazima muuzaji awe tapeli, pengine naye hajui. Kinga ni ile ile: pasua manyoya. Ukungu wa homa umekaa nchani, moshi wa kweli umekaa chini.

Tuje kwenye chungwa, ambayo wafugaji huiita nyekundu. Paka ana jozi 19 za kromosomu, na jeni ya chungwa imekaa kwenye kromosomu X. Dume ana X moja tu, kwa hiyo ama ni chungwa ama si chungwa. Jike ana X mbili na anaweza kubeba moja ya chungwa na moja isiyo ya chungwa. Katika kila seli ya mwili wake X moja huzimwa mapema akiwa bado tumboni, na seli zinazotokana na hiyo hufuata uamuzi huo huo. Wazo hilo lilitolewa mwaka 1961 na Mary Lyon, mwanasayansi wa Uingereza, na ngozi ya jike wa rangi mbili ni ushahidi unaotembea: penye weusi X ya chungwa imezimwa, penye chungwa imezimwa ile nyingine. Jeni yenyewe ilibaki fumbo kwa miongo mingi. Ni mwaka 2025 tu ambapo timu mbili, moja ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na nyingine ya Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, zilichapisha kwamba chanzo ni kipande cha DNA cha herufi kama 5,000 kilichokosekana karibu na jeni ARHGAP36.

Anayetaka paka wa mabaka meusi na ya chungwa "kama yule wa kwenye picha" nina habari mbaya kwake: haiwezekani kuagiza. Uzimaji wa X ni bahati nasibu. Mwezi Desemba 2001, Chuo Kikuu cha Texas A&M kilifanikiwa kupata paka wa kwanza duniani aliyeundwa kwa seli ya paka mwingine, wakamwita CC. Mwenye seli alikuwa jike wa rangi tatu. CC alizaliwa na milia na weupe, chungwa hana hata tone, ingawa vinasaba vyake ni vile vile. Kama maabara haikuweza kunakili mabaka, mzalishaji hawezi kukuahidi.

Jambo jingine ambalo watu hawalioni mpaka waonyeshwe: jike wa nyeusi na chungwa asiye na weupe huwa na rangi hizo zimechanganyika unyoya kwa unyoya, na kwa manyoya marefu ya Maine Coon mchanganyiko huo huonekana kama kutu iliyomwagika juu ya mweusi. Akiwa na weupe mwingi, mabaka hujitenga na kuwa makubwa na safi, na huyo ndiye tunayemwita kaliko. Na ukikutana na dume wa rangi tatu, jua kwamba karibu kila mara ana X mbili na Y moja. Kadirio linalotajwa sana ni dume 1 kwa kila paka 3,000 wa rangi hizo, na kwa kawaida huwa tasa. Atakayekuuzia dume wa namna hiyo kwa bei ya dume la mbegu, mwache na mbegu yake.

Paka wa chungwa ana siri nyingine: jeni inayofuta milia kwa paka mweusi haina nguvu juu ya chungwa. Kwa hiyo chungwa mtupu kwa maana kamili hayupo. Wapo ambao milia imefifia sana, na manyoya marefu yanasaidia kuificha, lakini mtazame usoni penye mwanga wa jua, M utaiona.

Kijivu kinachoitwa buluu, pamoja na krimu, ni nyeusi na chungwa zilizopauka. Jeni ya kupausha hukusanya chembe za rangi mafungumafungu badala ya kuzitandaza sawasawa ndani ya unyoya, jicho likaona rangi nyepesi. Nayo hujificha, hivyo wazazi wawili waliopauka hawazai mweusi wala chungwa iliyokolea. Wanaochanganya buluu na fedha ni wengi ajabu. Shina huamua: buluu ni kijivu mpaka chini.

Hapo ndipo wazazi wanapoingia. Omba kuwaona wote wawili, au walau picha na vyeti vyao, kisha linganisha na mtoto uliyeonyeshwa. Weusi watupu wawili hawazai mtoto mwenye milia. Mtoto wa fedha au moshi lazima awe na mzazi mwenye fedha au moshi, isipokuwa pale mzazi wa chungwa au mweupe anapokuwa ameibeba bila kuonyesha, kwa kuwa juu ya rangi hizo mbili ni vigumu kuiona au haionekani kabisa. Mtoto mweupe mwili mzima anahitaji mzazi mweupe mwili mzima. Ile ya milia mipana nimekwisha kuitaja. Hesabu ikikataa, usikimbilie kumwita mtu mwongo: jike akipandwa na madume zaidi ya mmoja kwenye joto moja, watoto wa mkupuo mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti. Lakini cheti kinachotaja baba asiyewezekana si cheti, na kipimo cha DNA kitamaliza ubishi.

Ukiwa unaomba karatasi, omba kwanza majibu ya moyo. Maine Coon huweza kurithi ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa, na kuna kipimo cha DNA cha badiliko moja la jeni MYBPC3 linalojulikana katika uzao huu. Wazalishaji makini hupima na kufanya pia kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti kwa wazazi, kwa sababu kipimo cha jeni peke yake hakiondoi uwezekano wote wa ugonjwa. Mtu anayejua kueleza rangi adimu kwa robo saa lakini hana karatasi ya moyo, mimi huaga.

Kuhusu hizo adimu. Kanuni za CFA, chama kikongwe cha Marekani cha kusajili paka, kilichowapokea Maine Coon kwenye mashindano ya ubingwa mwaka 1976, zinawaengua paka wenye chokoleti, wenye lavenda (chokoleti iliyopauka), na wenye ile sura ya mwili wa rangi hafifu na rangi nzito kwenye masikio, uso, miguu na mkia kama paka wa Siam. Sababu yao ni kwamba rangi hizo ni dalili ya kuchanganywa na uzao mwingine. Hakuna ubaya wowote kupenda chotara, wapo wazuri mno. Ubaya ni kulipa bei ya Maine Coon halisi, tena kwa nyongeza ya "rangi ya pekee", kwa kitu ambacho kanuni zinakikataa. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mara nyingine hata chokoleti yenyewe haipo. Niliwahi kuletewa "chokoleti" aliyekuwa mweusi aliyechomwa na jua. Manyoya meusi yakikaa juani muda mrefu hugeuka wekundu wa kutu, hasa mapajani na kwenye mkia. Tulipoyapasua, chini alikuwa mweusi tii. Chakula nacho kina mkono hapa: rangi nyeusi hutengenezwa mwilini kutokana na tairosini, sehemu ya protini, na paka weusi wanaolishwa chakula chenye upungufu wake hupata manyoya ya kahawia yenye wekundu. Mweusi wako akianza kupata kutu naye haoti jua, kagua kinachoingia kwenye bakuli, na umwone daktari wa mifugo kabla ya kubadilisha lolote.

Weupe wanahitaji tahadhari ya aina yake. Paka mweupe mwili mzima ana rangi nyingine iliyofunikwa chini. Wakiwa wadogo, wengi huwa na baka dogo utosini kama kofia, jeusi, la buluu au la chungwa, ambalo hufifia wanapokomaa. Lipige picha kabla halijapotea, kwa sababu linakuambia paka wako anabeba nini na atazaa nini. La msingi zaidi ni masikio. Jeni hiyo ya weupe huandamana na uziwi, na Charles Darwin alikwisha kuandika mwaka 1859 kuhusu paka wenye macho ya buluu kuwa viziwi. Si wote, na wapo wenye jicho moja la buluu wanaosikia kwa sikio moja tu. Kupiga makofi nyuma ya paka si kipimo, kwani huhisi mtikisiko wa sakafu na upepo wa mikono. Omba kipimo cha BAER, kinachosoma mwitikio wa ubongo kwa sauti, sikio kwa sikio. Kiziwi anaishi vizuri ndani ya nyumba, ila mwenye nyumba ajue mapema asimwachie nje.

Mwishoni, suala la cheti. Kama umejiridhisha kwamba kilichoandikwa si paka uliye naye, zungumza kwanza na mzalishaji, kwa sababu mara nyingi ndiye anayetuma masahihisho kwenye chama kilichomsajili paka. Subiri paka apate manyoya ya utu uzima. Kisha piga picha tatu mchana, karibu na dirisha, bila flashi: uso kutoka mbele, ubavu mzima paka akiwa amesimama, na mgongo uliopasuliwa mpaka ngozi. Ambatisha na nakala za vyeti vya wazazi. Kama unakusudia kumzalisha, lipia na kipimo cha DNA cha rangi, kwa sababu kuna vitu kama jeni ya kupausha iliyojificha ambavyo picha haitavionyesha hata uzipige mia.